Kufa kwa Mwili, Kufa kwa Roho: Hukumu ya Maneno katika Matanga ya Mumias

Yamkini hakuna utanzu wa fasihi simulizi unaosikilizwa na watu wengi zaidi Mumias kuliko mahubiri ya mazishi. Mtunzi wa riwaya akisomwa na watu mia tatu hushukuru. Mhubiri, kwa Jumamosi moja tu, chini ya mahema mawili na kipaza sauti cha kukodi, huwafikia waumini na wasio waumini, majirani Waislamu, wazee wa ukoo, walevi wa kijiji na wanasiasa waliokuja kuonekana. Kutoka Shibale na Ekero hadi Matungu na Lusheya, hali ni hiyo hiyo wiki baada ya wiki. Hata hivyo, utanzu huu haujapewa nafasi unayostahili katika idara za Kiswahili. Tenzi za kale zinazoonya juu ya mauti huchambuliwa ubeti kwa ubeti, ilhali maonyo yanayotolewa leo, kwa Kiswahili cha leo, mbele ya jeneza lililo wazi, huachiwa upepo.

Aghalabu mhubiri huanza kwa kuwapa pole wafiwa. Kisha humshukuru Mungu kwa uhai wa waliofika, akasoma Maandiko, na baada ya hapo hulipasua neno "kufa" vipande viwili. Husema kwamba kuna kifo cha mwili, ambacho hakimwachi mtu yeyote, na kuna kifo cha roho, ambacho ndicho cha kuogopwa. Mpaka hapo hapana tatizo, kwani hayo ni mafundisho ya Kanisa tangu enzi za mitume. Tatizo huzuka katika sentensi inayofuata. Ikiwa aliyelala ndani ya jeneza alikuwa mzee wa kanisa, kifo cha roho husahaulika na sifa hutawala. Ikiwa alikuwa mnywaji, au hakufunga ndoa kanisani, au hakuonekana kwenye Meza ya Bwana kwa miaka kadhaa, sauti hubadilika. Umati huambiwa, kwa mafumbo au waziwazi, kwamba huyu alikuwa amekufa zamani, na kinachozikwa leo ni mabaki tu. Mjane ameketi hatua tatu kutoka hapo, na watoto wanasikia.

Inafaa kusema bila kigugumizi kwamba hukumu ya aina hiyo si mafundisho ya Kikristo juu ya mauti. Ni mafundisho hayo yaliyopinduliwa, na anayetaka ushahidi ataupata katika Biblia yenyewe na katika lugha ya Kiswahili ambayo mhubiri anaitumia.

Chanzo cha wazo la vifo viwili ni Kitabu cha Mwanzo. Adamu alionywa kwamba siku atakayokula tunda alilokatazwa atakufa. Akala, na siku hiyo hakuanguka. Aliendelea kulima, akazaa, na kwa hesabu ya kitabu hicho hicho akaishi hadi umri wa miaka 930. Wafasiri wa Kikristo walijiuliza swali la haki: je, onyo lilikuwa la uongo? Jibu lao ni kwamba Adamu alikufa siku ile ile, ila kwa namna nyingine. Kufa kulichukuliwa kuwa ni kutengana. Mwili ukitengana na roho, hicho ni kifo cha kwanza kwa macho ya watu. Mwanadamu akitengana na Mungu, hicho ni kifo cha roho, nacho chaweza kumkuta mtu angali anatembea, anakula na kucheka.

Sasa yafaa kutazama nani huitwa mfu wa roho katika Agano Jipya. Katika Waraka kwa Waefeso, Paulo anawakumbusha wasomaji wake kwamba walikuwa wafu kwa sababu ya dhambi, na anawaambia hayo wakiwa hai na wameshahuishwa. Katika Injili ya Luka, baba wa mwana mpotevu anamtaja mwanawe kuwa alikuwa amekufa, na anayatamka hayo karamuni mwana akiwa amerudi. Katika Ufunuo, kanisa la Sardi linaambiwa kwamba lina jina la kuwa hai kumbe limekufa, kisha papo hapo linahimizwa liamke. Katika mifano yote hii mfu wa roho ni mtu anayeweza kusikia. Kifo cha roho hutajwa kama maradhi yenye tiba, tena hutajwa mbele ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo mtume alisimama juu ya maiti na kuipima kama ilikuwa imekufa mara moja au mara mbili.

Yapo, ni kweli, "mauti ya pili" yanayozungumziwa mwishoni mwa Ufunuo. Lakini hayo yamewekwa baada ya ufufuo na baada ya kufunguliwa vitabu, na anayevifungua si kasisi wa parokia wala mchungaji wa mtaa. Kuyaleta mauti hayo kwenye kaburi ambalo udongo wake bado ni mbichi ni kujitwalia kiti ambacho Maandiko yamekiacha kwa mwingine.

Isitoshe, Wakristo wenyewe hawajakubaliana kuhusu yanayotokea baina ya kifo na ufufuo. Mkatoliki huamini toharani, na kila tarehe 2 Novemba huwaombea marehemu wote. Mwadventista wa Sabato hushikilia kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote hadi Bwana arudi. Mwanglikana na Mkwekwa wana yao, na makanisa ya Roho yaliyochipuka katika nchi ya Waluhya baada ya uamsho wa Kaimosi wa 1927 yana yao pia. Ukoo mmoja wa Mumias unaweza kuwa na watu wa madhehebu haya yote kwenye hema moja, pamoja na binamu Waislamu ambao wangalikuwa wamekwisha kumzika ndugu yao siku ile ile aliyofariki. Anayezungumza kwa uhakika juu ya aliko marehemu basi anazungumza kwa niaba ya dhehebu lake tu, ingawa kipaza sauti ni cha wote.

Lugha nayo ina lake la kusema. Msamiati wa Kikristo kuhusu kifo katika Kiswahili ulijengwa, kwa kiasi kikubwa, kwa matofali yaliyochomwa na Uislamu. Mauti, roho, nafsi, maiti, marehemu, kiyama, jehanamu: yote haya yalitoka katika Kiarabu na kukaa pwani kwa karne nyingi kabla ya Johann Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka wa 1844. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, kitabu chenye lile onyo la Adamu. Mumias nayo ilifikiwa na Kiswahili kupitia misafara ya biashara ya Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, na jamii ya Waislamu iliota mizizi huko kiasi kwamba Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 1949, alisilimu. Mkristo wa Mumias anapoomboleza kwa Kiswahili anaomboleza kwa maneno aliyoazima kwa jirani. Si aibu. Lakini maneno ya kuazima huja na maana zake, na si rahisi kuzikung'uta.

Chukua neno "roho". Mhubiri husema roho haifi. Umma unaomsikiliza, hata hivyo, umekuwa ukisema tangu utotoni kwamba mtu anapofariki "hukata roho". Katika semi hiyo, roho ni pumzi, ule uzi wa uhai unaokatika kitandani. Tena "roho mbaya" ni tabia, "roho juu" ni wasiwasi, na "kupona roho" ni kunusurika. Wafasiri wa Biblia walijaribu kugawana kazi baina ya "roho" na "nafsi", ila mgawanyo huo haukushuka kikamilifu hadi sokoni na shambani. Kwa hiyo mhubiri anapotamka "kifo cha roho" bila kufafanua, si ajabu bibi kizee aliyeketi nyuma akaelewa kwamba mjukuu wake amekata roho kweli kweli, hana kilichobaki, hana pa kwenda. Mhubiri alikusudia utengano na Mungu. Msikilizaji amepokea utoweko. Mafundisho ya utengano yanaacha mlango wa kurudi. Utoweko hauna mlango.

Cha kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na akiba nzuri zaidi kwa kazi hii. Kina "kufa moyo", kina "kufa ganzi". Mtu aliyekufa moyo yu hai na kila mtu anajua kwamba anaweza kutiwa moyo tena. Kiungo kilichokufa ganzi hakikatwi, husuguliwa mpaka damu irudi. Semi hizi mbili zinakaribia sana kile ambacho Paulo alikuwa akikieleza, na katika vijiji ambako "kufa" ya Kiswahili na "okhufwa" ya Kiluhya ni mzizi mmoja, zingeeleweka bila mkalimani. Kwa nini mimbari imezipuuza na kung'ang'ania istilahi kavu ya "kifo cha kiroho" ni swali ambalo mwanaisimu angeweza kulifanyia tasnifu nzima.

Neno lenye ushahidi mzito kuliko yote, hata hivyo, ni "marehemu". Asili yake katika Kiarabu ni mtu aliyerehemewa, yaani aliyepewa rehema. Lilianza kama dua, na dua hiyo ingali ndani yake ijapokuwa wengi wamesahau. Tazama basi kinaya kinachotokea kaburini. Mhubiri anasema, "Marehemu huyu alikufa bila Mungu." Nomino inamrehemu na kitenzi kinamhukumu, katika sentensi moja, kinywani mwa mtu mmoja. Waswahili waliolitia neno hili katika matumizi ya kila siku walikuwa na busara: hata jambazi, hata mtesi, akishafumba macho huanza kuitwa kwa jina la rehema, na mengine huachiwa Mwenyezi. (Wapo wanaofundisha kwamba "hayati" ni kwa wakubwa na "marehemu" ni kwa akina yahe. Ubaguzi huo hauna mashiko yoyote. "Hayati" limetoka katika neno la uhai, na uhai haukugawiwa kwa vyeo.) Wapo pia Wakristo wanaotaka neno "marehemu" liachwe kwa kuwa ni la Kiislamu na mahali pake pachukuliwe na "aliyelala katika Bwana". Ibara hiyo ni nzuri, lakini hutolewa kwa kuchagua. Mzee wa kanisa hulala katika Bwana. Mlevi hufa tu. "Marehemu" halichagui.

"Kuzimu" lina kisa kinyume cha hicho. Ni neno la Kibantu, ndugu wa mzimu, na lilikuwa makao ya waliotangulia, waliotajwa kwa jina na kuombwa. Wafasiri walilitumia kwa ajili ya makao ya wafu katika Biblia, na mahubiri yakaligeuza shimo la mateso. Kwa Wawanga na Waluhya wengine waliozoea kuwahesabu wazee waliokufa kuwa sehemu ya ukoo, mabadiliko ya neno hili moja yaliwafunga babu zao gerezani bila kesi. Haya yalishapita, na hakuna anayeweza kuirudisha maana ya zamani. Yanatajwa ili ionekane kwamba tafsiri ya maneno ya kifo haijawahi kuwa jambo dogo.

Kuna kitenzi kingine ambacho Mumias imekitumia mpaka kikachakaa, nacho ni "kufufua". Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, iliporomoka na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, kisha ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda mwishoni mwa 2021. Katika miaka yote hiyo wananchi walisema kiwanda "kimekufa", na kila mwanasiasa aliyesimama kwenye mazishi, kwa kuwa mazishini ndiko umati uliko, aliahidi "kukifufua". Mara nyingi ahadi hiyo ilitolewa dakika chache kabla ya mhubiri kuchukua kipaza sauti hicho hicho na kutangaza ufufuo wa wafu. Ni muhali kuwalaumu wasikilizaji ikiwa ufufuo wa pili ulisikika masikioni mwao kama ule wa kwanza. Mkulima wa miwa, lakini, hahitaji mwanasiasa ili aelewe hoja ya Paulo kuhusu mbegu inayofukiwa ili iote. Pingili ya muwa hulazwa ndani ya mtaro kama maiti, ikafunikwa udongo, na shina likikatwa, kisiki huchipuka tena kwa ajili ya mavuno ya pili na ya tatu. Mfano huo uko nje ya hema, hatua ishirini kutoka kaburini. Nadra kuusikia ukitumiwa.

Hoja nyingine inayosikika ni kwamba mwili si kitu, ni ganda, cha maana ni roho. Historia ya Ukristo wa Mumias yenyewe inaikana hoja hiyo. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alipita hapo, wakati huo pakiitwa Kwa Sundu, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake pamoja na kasisi William Jones, mtu aliyekombolewa kutoka utumwani na aliyepewa daraja mwaka huo huo, akaendelea na wapagazi wachache kuelekea Buganda. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lau Wakristo wa wakati ule wangaliamini kwamba mwili ni ganda, wangaliiacha mifupa yake huko. Hawakuiacha. Mabaki yake yalifikishwa Mumias na kuhifadhiwa hapo hadi mwaka wa 1892, Askofu Alfred Tucker alipoyachukua na kuyapeleka Namirembe, yakazikwa kwa heshima tarehe 31 Desemba. Watu walibeba mifupa hiyo kwa miguu, masafa marefu, kwa sababu imani yao ilisema kwamba mwili utafufuliwa. Imani ya Kikristo haisemi roho inatoroka mwili kama ndege anavyotoroka tundu, ingawa ndivyo inavyohubiriwa; inasema mwili utainuliwa.

Madhara ya kuudharau mwili si ya kufikirika. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la Good News International. Upande wa mashtaka umedai kwamba waumini hao waliaminishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Baina ya Shakahola na mahubiri ya kawaida ya Mumias kuna umbali mkubwa, na ingekuwa dhuluma kuyaweka katika kapu moja. Ila sentensi "mwili si kitu" imesikika pande zote mbili, na ilisemwa kwa Kiswahili.

Wahubiri wana utetezi, nao unastahili kusikilizwa. Husema kwamba mazishi ndiyo nafasi pekee ya kukutana na watu wasiokanyaga kanisani, na kwamba Mhubiri wa kale aliona nyumba ya matanga kuwa bora kuliko nyumba ya karamu kwa sababu walio hai hutia moyoni. Husema pia kwamba kumsifu kila mfu ni unafiki, na unafiki nao ni dhambi. Utetezi huu una nguvu. Sifa za uongo mazishini zimekuwa kichekesho nchini Kenya. Mtu aliyewanyima wanawe karo huitwa baba mwema mpaka wanawe wenyewe wanainamisha vichwa. Lakini baina ya kusifu uongo na kuhukumu kuna nafasi pana. Mhubiri anaweza kuwaonya walio hai kadiri apendavyo bila kumtumia aliye jenezani kama mfano wa ubaoni. Fundi wa kumuse miongoni mwa Wabukusu, anayesimama baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, husimulia historia, hukemea maovu na kufariji, na makemeo yake huwaendea wanaosikia.

Makanisa makubwa yenyewe yamewahi kuusogeza mpaka huu. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 kiliagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa, wala aliyejiua. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 nayo iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya 1983 haikuwaorodhesha tena, na Katekisimu ya 1992 ikafundisha kwamba watu wasikate tamaa juu ya wokovu wao. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Vijijini, hata hivyo, bado kuna aliyejiua anayezikwa bila kasisi, jioni, kwa maneno machache, na familia ikabaki na yakini kwamba mtoto wao amekufa vifo vyote viwili. Anayewapa yakini hiyo hana andiko la kuitegemea.

Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, waombolezaji walipowekewa kikomo cha watu 15, mahubiri mengi yalifupishwa. Wafu walizikwa, udongo ukatupwa, kasisi akasema yaliyo lazima, na waliosalia wakarudi nyumbani bila kuambiwa aliko ndugu yao. Vizuizi vilipoondolewa mahema yalirudi, vipaza sauti vikarudi, na hukumu nazo zikarudi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta data hatahangaika kuyatafuta mahubiri hayo, kwa kuwa Jumamosi hii pia yatakuwepo, na waliofiwa watakuwa wameketi mstari wa mbele.